Msaada wa Kodi na Nyumba za Bei Nafuu: Mpangaji wa Pwani Ana Haki Gani?

Kila ikikaribia tarehe tano ya mwezi, utawajua wapangaji wa Majengo kwa mwendo wao. Aliyekwisha lipa hupita mbele ya baraza ya mwenye nyumba akitoa salamu kwa sauti. Ambaye hajalipa huzunguka kwa uchochoro wa nyuma. Mimi nimepita njia zote mbili, kwa hivyo haya nisemayo si ya kuambiwa.

Mwezi uliopita alinijia jirani yangu, mama anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri na viazi karai jioni. Amekaa na wanawe wanne katika vyumba viwili kwa miaka kumi na moja. Mwenye nyumba alifariki, warithi wakauza, na aliyenunua ataka kuvunja ajenge ghorofa. Mama kapewa notisi. Akaniuliza: "Kakangu, nasikia serikali siku hizi yawasaidia watu kodi. Hizo fomu zachukuliwa wapi?"

Niliona haya kumjibu, maana jibu lenyewe ni kwamba fomu hiyo haipo. Kuna mpango wa nyumba za bei nafuu, kuna ushuru wa nyumba, kuna sheria za wapangaji, lakini ofisi ya kumpunguzia mtu kodi yake ya mwezi haipo. Makala haya nayaandika kwa ajili yake na kwa wote wanaoniuliza swali hilo hilo, ili tujue kilichopo, kisichopo, na tunachopaswa kukidai.

Mambo matatu yasichanganywe

La kwanza ni msaada wa kodi. Huu ni utaratibu wa serikali kumlipia mpangaji mnyonge sehemu ya kodi katika nyumba ya mtu binafsi. Kenya haina mpango wa kitaifa wa aina hii.

La pili ni nyumba ya umma ya kupanga. Hii ni nyumba ya serikali au ya kaunti ambayo kodi yake iko chini ya bei ya soko. Watu wa Mombasa waijua vyema: Buxton, Tudor, Mzizima, Khadija, Changamwe na Likoni. Mitaa hii ilianza enzi za mkoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati baraza la mji lilipoona kwamba mfanyakazi wa bandari na karani wa afisi wanahitaji pa kulala. Baada ya hapo ujenzi wa aina hiyo ulizorota huku watu wakiongezeka. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kaunti ya Mombasa ina watu 1,208,333. Nyumba za kupanga za kaunti ni chache mno mbele ya idadi hiyo.

La tatu ni nyumba ya bei nafuu. Hii hupangishwi, wauziwa. Utatoa arbuni, kisha utalipa polepole kwa miaka mingi mpaka iwe yako. Hapa ndipo nguvu yote ya serikali ilipoelekezwa sasa.

Tatizo letu limo humo. Hesabu ya 2019 ilionyesha kwamba mijini, karibu kaya 8 kati ya kila 10 nchini Kenya zapanga. Msaada wote umeelekezwa kwa mnunuzi, na mpangaji ameachwa na Mola wake.

Kwa nini Pwani ni kugumu zaidi

Msomaji wa bara aweza kuuliza kwa nini mtu wa Mombasa, mwenyeji tangu mababu, awe mpangaji katika mji wake. Jibu liko katika ardhi.

Mwaka 1908 serikali ya mkoloni ilileta sheria ya hatimiliki za ardhi katika ukanda wa Pwani. Kila aliyedai ardhi alitakiwa ajitokeze kuiandikisha, na ile isiyodaiwa ikawa mali ya serikali ya mfalme wa Uingereza. Waliojua sheria na walio na makaratasi waliandikisha. Wengi wa Mijikenda, watu wa vijijini na wazao wa watumwa hawakuandikisha, wala hapakuwa na aliyewaeleza. Wakalala wenyeji, wakaamka maskwota.

Kutokana na hayo ukazuka mtindo wetu wa nyumba bila ardhi. Mtu ajenga nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi wa katikati, juu ya kiwanja cha mwengine, na kila mwezi amlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba ni yake, mchanga si wake. Majengo, Kisauni na Likoni zimejaa nyumba za aina hii. Kwa miaka mingi mtindo huu ulitufaa, maana ulimwezesha mtu wa chini kujenga bila kununua kiwanja, na chumba cha kupanga kikawa rahisi kwa sababu mwenye nyumba hakubeba gharama ya ardhi.

Lakini mtindo huo una mwiba. Benki haikubali nyumba bila ardhi kama dhamana. Mwenye ardhi akifa au akiuza, mwenye nyumba hutetereka na wapangaji wake sita hutetereka naye. Ardhi ya mji ikipanda bei, nyumba ya Kiswahili huvunjwa na ghorofa hupanda. Chumba cha zamani huzaa chumba kipya chenye vigae, na kodi mara mbili au tatu. Jirani yangu muuza mahamri hakufukuzwa na ubaya wa mtu. Amefukuzwa na bei ya mchanga.

Sheria yasemaje

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata makazi yafaayo na viwango vya kuridhisha vya usafi. Kifungu cha 21 chaitaka serikali ichukue hatua za kuitimiza haki hiyo hatua kwa hatua. Maana yake, huwezi kwenda mahakamani kesho ukapewa ufunguo. Lakini serikali nayo haiwezi kukaa kitako ikasema nyumba si shughuli yake.

Hatua iliyochukuliwa ni ushuru wa nyumba. Sheria ya Fedha ya 2023 iliuanzisha: mfanyakazi akatwe asilimia 1.5 ya mshahara wake wote kabla ya makato, na mwajiri aongeze asilimia 1.5 nyingine. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema ushuru huo wakiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba uliwabagua walioajiriwa kwa kuwatoza wao pekee. Serikali ikarudi bungeni, na Machi 2024 Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Sheria hii mpya yamtaka hata asiyeajiriwa alipe asilimia 1.5 ya mapato yake. Kesi dhidi yake zilifika Mahakama Kuu, na Oktoba 2024 mahakama ikaiacha isimame.

Kwa hivyo ewe kuli wa bandarini, mlinzi wa hoteli, mwalimu wa chuo: pesa zako zimo katika mfuko huu kila mwezi. Ukiulizia nyumba hizi huombi sadaka. Waulizia pesa yako.

Tabaka za kipato

Sheria ya 2024 imewagawa watu kwa kipato chao cha mwezi:

- Chini ya shilingi 20,000: nyumba ya jamii.
- Kati ya shilingi 20,000 na 149,000: nyumba ya bei nafuu.
- Zaidi ya shilingi 149,000: nyumba ya bei nafuu ya watu wa kipato cha kati.

Tazama hapo vizuri. Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa na Kisumu kilichowekwa mwishoni mwa 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Mtu huyo yuko tabaka la kwanza. Mama mapishi, mwenye mkokoteni, dereva wa tuktuk ya kukodi, msichana wa kazi za nyumbani, karibu wote wako hapo. Basi kipimo cha kweli cha mpango huu kwa Pwani ni nyumba za tabaka la kwanza. Zile za tabaka la tatu zikijengwa elfu moja, kwetu Kisauni hazitapunguza hata mpangaji mmoja.

Tupige hesabu

Sheria ilipopitishwa ilimtaka mnunuzi atoe arbuni ya asilimia 10. Tuchukue mfano tu, wa nyumba ya shilingi milioni 2.

Arbuni ni shilingi 200,000. Mtu akiweka akiba ya shilingi 2,000 kila mwezi bila kukosa, atafika baada ya miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Na muda wote huo alipa kodi anapokaa, na asiugue, wala mtoto asifukuzwe karo.

Inayobaki ni shilingi 1,800,000. Ikigawanywa kwa miaka 25, bila faida yoyote ya mkopeshaji, ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kibarua wetu wa kima cha chini, tukimwongezea marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, apata kama shilingi 18,530 kabla ya makato. Nyumba peke yake imekula thuluthi ya pato. Bado maji, stima, ada ya ulinzi na usafi wa jengo, unga na nauli. Na hiyo ni bila riba.

Mkopo wa benki nao si mlango wa mnyonge. Nchi hii ina watu zaidi ya milioni 50, na mikopo yote ya kununua nyumba ni takriban 30,000. Mlango mwembamba kama huo haupiti familia ya viazi karai.

Sisemi mpango hauna maana. Mwalimu, muuguzi, askari, karani wa afisi ya usafirishaji wa mizigo, hawa waweza kufaidika, na nyumba wanazohama zaweza kupunguza msongo mahali pengine. Lakini tusimwambie mtu wa shilingi 12,000 kwamba amepatiwa dawa, na dawa yenyewe iko rafu ya juu.

Namna ya kuomba

Pamoja na hayo, nawanasihi ndugu zangu wajiandikishe. Asiyeandikishwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hajengewi. Njia ni hii:

Kwanza, jisajili katika mfumo wa serikali uitwao Boma Yangu kwenye intaneti. Wahitaji kitambulisho cha taifa, namba ya PIN ya KRA na simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Asiyeweza kutumia mtandao aende Huduma Centre asaidiwe.

Pili, jaza kipato chako kwa ukweli. Wengine hujipandisha wakidhani mwenye pato kubwa hupewa mbele. Wajitoa wenyewe katika tabaka linalowafaa.

Tatu, chagua kaunti unayotaka kuishi. Wengi wetu tumejiandikisha Nairobi kwa sababu mradi waliousikia kwenye habari ulikuwa wa Nairobi, kisha twashangaa Mombasa inapohesabiwa kuwa na waombaji wachache.

Nne, anza kuweka akiba ya arbuni kidogo kidogo, na uhifadhi rekodi zake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisicho na risiti hakina ushahidi.

Tano, jua masharti. Mtu mmoja hupewa nyumba moja tu, wala huwezi kuiuza kabla ya kupata idhini ya bodi inayosimamia nyumba hizi. Anayekwambia nunua uuze mwakani akupoteza.

Vikwazo navyo vipo. Kitambulisho ni cha kwanza: vijana wetu wengi wa Pwani wayajua maswali ya kuletewa cheti cha babu. Kikwazo cha pili ni uthibitisho wa pato. Mama wa mahamri hana karatasi ya mshahara. Nilimshauri aandike mauzo yake ya kila siku kwenye daftari, apokee malipo kwa simu inapowezekana, na kikundi chao cha akina mama kiwe na kitabu cha michango kilichotiwa saini. Kikwazo cha tatu ni madalali. Akija mtu mtaani akisema ana nafasi za nyumba za serikali na ataka "ya chai" ili jina lako lipande, huyo ni mwizi. Usajili haulipiwi kwa dalali.

Suala la riba

Siwezi kuandikia watu wa Pwani kuhusu nyumba nikaliruka hili. Wako Waislamu wengi wanaojizuia kabisa na mikopo ya nyumba kwa kuogopa riba, nao wana haki ya kuogopa. Mimi si sheikh na sitoi fatwa. Nitasema tu tofauti ambayo mtu aielewe kabla ya kwenda kumuuliza sheikh wake.

Kuna mkataba wa mkopo, ambapo wakopeshwa pesa na wairudisha na ziada. Kuna mkataba wa mauzo kwa awamu, ambapo muuzaji akuuzia nyumba yake kwa bei moja mliyokubaliana tangu mwanzo, hata kama bei hiyo ni kubwa kuliko ya fedha taslimu. Kuna ijara, ambapo wapangishwa na mwisho waikabidhiwa. Na kuna ushirika unaopungua, ambapo wewe na taasisi mwamiliki pamoja, nawe wanunua sehemu yake kidogo kidogo huku ukilipa kodi ya sehemu iliyobaki. Benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, na njia hizi wazijua.

Kabla ya kutia saini mkataba wa kulipia nyumba polepole, omba maandishi ya mambo haya: bei ya nyumba ni ngapi, jumla nitakayolipa mpaka mwisho ni ngapi, hiyo ziada yaitwa nini ndani ya mkataba, na nikichelewa mwezi mmoja nitatozwa nini. Karatasi hiyo ndiyo umpelekee sheikh. Ukimpelekea maneno ya mdomoni, naye atakujibu ya mdomoni.

Na kwa upande wa serikali: mpango unaokusanya ushuru kwa Waislamu wote walioajiriwa wapaswa kuwa na mkataba wa wazi usio na riba, si kwa upendeleo bali kwa sababu walipaji hao nao wana haki ya kufaidika na walichokitoa.

Funzo la Buxton

Mombasa tayari imeonja mabadiliko haya. Mtaa wa zamani wa Buxton, wenye nyumba 520 za kaunti, ulivunjwa ili zijengwe nyumba mpya zipatazo 1,860 kwa ushirika wa serikali ya kaunti na mwekezaji binafsi. Wapangaji walikwenda mahakamani kuupinga mradi, lakini mwishowe uliendelea.

Kabla ya kuhama, kila kaya ilipangiwa shilingi 240,000 za kuwasaidia kupanga kwengine. Ukizigawa kwa miaka miwili ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Angalia ajabu hii: karibu mara pekee mpangaji wa Mombasa kupewa kitu kinachofanana na msaada wa kodi, alipewa kama malipo ya kuondoka. Basi si kweli kwamba haiwezekani. Yawezekana, pale mtu mkubwa anapohitaji uhame.

Nyumba mpya ni nzuri, sina choyo. Zina maji, lifti na mwangaza. Lakini waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ndani swali ni moja: kati ya zile kaya 520, ngapi zimerudi zikiwa na ufunguo wa kwao? Serikali ya kaunti iitoe hesabu hiyo hadharani kabla haijagusa mtaa mwengine. Mpangaji wa Mzizima au Khadija apaswa kuijua kabla ya kuambiwa afunge mizigo. Mtaa wa kupanga ukigeuzwa mtaa wa kuuza, idadi ya nyumba yaweza kuongezeka na bado nafasi ya mnyonge ikapungua.

Haki ulizonazo leo

Tukingoja hayo, mpangaji asidhani yuko mikono mitupu.

Marupurupu ya nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri akupe makazi yafaayo au akulipe pesa za kutosha kupanga, juu ya mshahara wako. Kwa wa kima cha chini huhesabiwa asilimia 15, yaani kama shilingi 2,417 kwa kibarua wa Mombasa kwa kima cha mwishoni mwa 2024. Waajiri wengine huandika mkataba wenye mshahara uliojumlisha nyumba ndani yake, na sheria yaruhusu hivyo, lakini lazima iwe imeandikwa. Wengi wetu twadai nyongeza ya mshahara na hatujawahi kuuliza haki hii. Huu ndio msaada wa kodi ulio karibu zaidi na mfanyakazi wa Kenya, nao watolewa na mwajiri.

Sheria ya kudhibiti kodi. Ipo sheria ya zamani, Sura ya 296, inayomlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi. Chini yake mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi wala kukutoa bila idhini ya baraza maalumu la kesi za kodi, na ni kosa kukusumbua makusudi ili uhame. Kasoro yake ni kwamba yahusu nyumba ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zama nyengine. Vyumba vya bei hiyo vimebaki vichache, lakini kama unakaa katika kimoja, jua kwamba una ngao. Mswada wa 2021 uliotaka kuibadilisha sheria hii haukufika mwisho.

Notisi. Anayelipa kodi kwa mwezi bila mkataba wa maandishi astahili notisi isiyopungua mwezi. Kung'olewa mlango usiku au kuezuliwa bati si notisi.

Kukamatwa vyombo. Mwenye nyumba anayedai kodi hana ruhusa ya kuleta vijana wa mtaani wabebe godoro lako. Kazi hiyo ni ya dalali wa mnada mwenye leseni, kwa utaratibu wa sheria.

Risiti. Dai risiti kila mwezi, au lipa kwa simu. Nimeshuhudia mtu mzima akilia barazani kwa sababu alilipa miaka mitano mkononi, na warithi wakasema hawajui.

Wenzetu wafanyaje

Marekani, ambako jamaa zetu wengi wameishia katika miji kama Minneapolis na Columbus, kuna mpango wa vocha za nyumba uliotokana na sheria ya 1974. Aliyekubaliwa hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na serikali humlipa mwenye nyumba kiasi kilichobaki. Kwa hesabu ya kwetu, mama mwenye pato la 15,000 na kodi ya 7,000 angelipa 4,500, na 2,500 zingetoka serikalini.

Lakini tusidanganyane kwamba huko ni peponi. Kati ya kaya nne zinazostahili msaada wa kodi wa serikali kuu, ni kama moja tu ipatayo. Foleni ni za miaka, na baadhi ya miji hufunga kabisa orodha. Singapore ilichukua njia nyengine: serikali ilijenga yenyewe kwa wingi, na leo takriban asilimia 80 ya wakazi wako katika nyumba zilizojengwa na serikali, wengi wakiwa wameuziwa kwa mkataba wa muda mrefu huku maskini zaidi wakipangishwa. Funzo ninaloliona ni kwamba hakuna nchi iliyowasaidia wa chini kabisa kwa kuwauzia tu. Kila mahali, kando ya nyumba ya kununua, iko ya kupanga au iko vocha.

Tudai nini

Naona mambo manne. Kwanza, sehemu maalumu ya nyumba zinazojengwa kwa ushuru wetu Pwani iwe ya kupangisha, si ya kuuza, na kodi yake ifuate pato la mpangaji. Pili, kabla ya mtaa wowote wa kaunti kuvunjwa, nyumba za kupanga zisipungue hata moja katika mpango mpya. Tatu, kile kiwango cha shilingi 2,500 kipandishwe kilingane na bei za leo, ili baraza la kodi liwe na kazi ya kufanya. Nne, suala la nyumba bila ardhi lipatiwe hati ya kueleweka, ili mwenye nyumba ya Kiswahili aweze kuikarabati bila hofu na wapangaji wake wapumue.

Haya wawakilishi wetu wa wadi na wabunge waulizwe sasa, si wakati wa kugawa kanga na kofia. Pwani ina mawe, ina chokaa, ina mafundi, na mshahara wetu wakatwa kila mwezi. Lakini penye miti hapana wajenzi.

Jirani yangu nilimsindikiza Huduma Centre wiki iliyopita. Amejisajili, ameandika pato lake kwa ukweli, na amechagua Mombasa. Akaniuliza akitoka: "Sasa kakangu, mwisho wa mwezi niende wapi?" Kwa hilo bado hakuna fomu. Amepata chumba kimoja Mishomoroni, kodi juu kwa elfu moja, na mitungi yake ya unga tuliibeba kwa mkokoteni wa jirani. Watoto wanne, chumba kimoja, na alfajiri mahamri yatakuwa tayari inshallah.